Dingle au Mayo Kaskazini: una siku chache za pwani ya magharibi ya Ireland, uende wapi?

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile, toka kwa ndugu zetu walioko Dublin, Cork na Limerick, na hata kwa wazazi wanaokuja toka Nairobi au Dar kutembelea watoto wao wanaofanya kazi huku: nina siku tatu nne, nataka kuiona pwani ya Ireland yenyewe, ile ya shamba, kondoo, magenge ya bahari, magofu ya zamani, niende wapi? Na karibu kila mtu anajibiwa Cliffs of Moher kwa basi la siku moja, unaondoka asubuhi unarudi usiku, siku nzima umekaa kwenye kiti. Cliffs of Moher ni pazuri sikatai, ila pale unaona genge tu, watu walioishi pembeni ya ile bahari huwaoni. Mi nataka niweke mezani sehemu mbili ambazo unaona vyote kwa pamoja, ardhi na watu wake: rasi ya Dingle kule Kerry, na pwani ya kaskazini ya kaunti ya Mayo.

Zote mbili ziko kwenye ile barabara ya utalii ya Wild Atlantic Way, kilomita kama 2,500 toka Donegal mpaka Kinsale kule Cork, iliyozinduliwa 2014. Zote zinapigwa na Atlantiki moja, zote zina vijiji vinavyoongea Kiairishi mpaka leo, zote zina kisiwa ambacho watu walikihama kwa huzuni. Lakini ukizitembelea ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukikosea kuchagua utarudi unasema Ireland ni mvua na mawe tu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama ni mara ya kwanza na huna gari, nenda Dingle, usijiulize mara mbili. Kama una gari, unalala angalau siku mbili, na wewe ni mtu wa kutaka kuelewa binadamu aliishije na ardhi ngumu, nenda Mayo, na mi mwenyewe moyo wangu uko Mayo. Usijaribu kuziunganisha kwenye wikiendi moja, toka Dingle mpaka Ballycastle ya Mayo ni zaidi ya saa tano za kuendesha, siku nzima inaishia barabarani.

Kufika, na mtego wa majina

Dingle ni rahisi. Unapanda treni Dublin Heuston mpaka Tralee, kama saa nne hivi, saa nyingine inabidi ubadilishe Mallow, halafu pale Tralee kuna basi mpaka mji wa Dingle, saa moja na kitu. Ukishafika, mji ni mdogo, watu kama 2,000, kila kitu unatembea kwa miguu, na kuna teksi na vibasi vya watalii vya kukuzungusha kwenye ule mzunguko wa Slea Head, kilomita kama 47. Alama za barabarani ukishavuka mji kuelekea magharibi zinakuwa za Kiairishi tu, kwa hiyo kwenye ramani jua kabisa kwamba Dingle ni Daingean Uí Chúis, na Dunquin, pale boti zinapoondokea, ni Dún Chaoin.

Mayo ni kazi kidogo. Treni ya Westport inakushusha Manulla Junction, pale unabadilisha kwenda Ballina, na Ballina ndo mwisho wa reli. Toka pale mabasi ya kwenda Belmullet yapo ila ni machache, na yakikuacha Belmullet bado vitu vyenyewe vimetawanyika kilomita nyingi huku na kule. Bila gari utateseka. Uwanja wa ndege wa Knock uko karibu kwa wanaotoka Uingereza, na pale pale unaweza kukodi gari. Uzuri ni kwamba huku wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo mtu wa Kenya, Uganda au Tanzania hapati kizunguzungu, tatizo ni wembamba wa barabara tu, kuna sehemu mkikutana inabidi mmoja arudi nyuma mpaka kwenye geti la mkulima. Na toka Februari 2025 barabara ndogo za vijijini kikomo cha kawaida ni kilomita 60 kwa saa, zamani ilikuwa 80.

Sasa mtego. Ukiandika "Ballycastle" kwenye simu, mara nyingi inakupeleka Ballycastle ya Antrim, ambayo iko Ireland ya Kaskazini, yani Uingereza. Ukiandika "Downpatrick" inakupeleka mji wa kaunti ya Down, nako ni huko huko Kaskazini. Kwa mtu mwenye pasi ya Ulaya ni kupoteza mafuta tu, kwa mtu mwenye visa ya Ireland peke yake hilo ni jambo kubwa, maana mpakani hakuna geti la kukusimamisha ila sheria ya uhamiaji iko pale pale. Andika siku zote "Ballycastle, Mayo" na "Downpatrick Head, Mayo". Na kwa wanaotoka nje, Ireland haimo Schengen, ile visa ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi huku.

Mambo ya kale: moja unaligusa, lingine unalichoma kwa fimbo

Hapa ndo penye utamu wenyewe na ndo penye tofauti kubwa.

Dingle imejaa mawe ya zamani kiasi kwamba kila kona kuna kitu. Nyumba za mawe za duara kule Fahan kando ya barabara ya Slea Head, nguzo zenye maandishi ya Ogham (yale ya mikato mikato pembeni ya jiwe, ndo maandishi ya kale kabisa ya Kiairishi) ambazo rasi hii inazo nyingi mno, kanisa la Kilmalkedar la karne ya 12, mabaki ya makazi ya watawa pale Riasc na jiwe lao la msalaba lililochorwa mistari ya kuzunguka, ngome ya Dún Beag iliyojengwa ukingoni kabisa, ambayo bahari inaila taratibu, dhoruba za miaka ya karibuni zimeangusha vipande vyake majini, hiyo uiangalie kwa mbali.

Ila kitu kimoja usikikose ni Gallarus. Ni kijikanisa cha mawe matupu, umbo kama boti iliyopinduliwa kifudifudi, hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikiza. Wataalamu bado wanabishana umri wake, kuna wanaoanzia karne ya 7 na kuna wanaoshuka mpaka ya 12. Nenda karibu uangalie walivyofanya: kila tabaka la mawe limesogea kidogo ndani kuliko la chini yake, mpaka pande mbili zinakutana juu, na kila jiwe limelazwa kwa kuinamia nje kidogo ili mvua iteleze nje badala ya kuingia. Ndo maana mamia ya miaka ya mvua ya Kerry, na mvua ya Kerry si mchezo, ndani bado pakavu. Ingia, ugeuke uangalie mlango kwa ndani, juu yake kuna mawe mawili yametokeza, kila moja lina tundu, pale ndo mlango ulikuwa unashikiziwa. Upande wa mashariki kuna kidirisha kimoja kidogo cha upinde, ndo mwanga wote wa chumba. Weka mkono kwenye ukuta. Hakuna kioo wala kamba ya kukuzuia, ni wewe na fundi aliyepanga yale mawe.

Mayo ni kinyume chake, urithi mkubwa wa pale umezikwa. Céide Fields, kilomita chache magharibi mwa Ballycastle, ni mashamba ya wakulima wa zama za mawe, yamelala chini ya bogi, yani ile ardhi tepetepe ya udongo mweusi ambao Waairishi wanaukata, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, wenzetu wa Rwanda na Burundi wanaujua vizuri maana kule nako unachimbwa. Miaka ya 1930 mwalimu wa shule wa kijiji cha Belderrig, Patrick Caulfield, alikuwa anakata udongo wake wa kuchoma akawa anakutana na mawe yaliyopangwa, kule chini kabisa. Akajiuliza swali moja zuri sana: kama bogi limekua juu ya haya mawe, basi aliyeyapanga aliishi kabla ya bogi lenyewe kuwepo, sasa huyo ni wa lini? Akaandikia makumbusho ya taifa Dublin. Miongo ikapita, mwanae Seamas akasomea akiolojia, akarudi nyumbani kulifuatilia swali la baba yake.

Na njia aliyotumia ni ya wenyeji wenyewe. Watu wa pale walikuwa na fimbo ndefu nyembamba za chuma, wanachoma nazo bogi kutafuta magogo ya misonobari ya kale yaliyozama, maana mbao ilikuwa adimu. Seamas akachukua fimbo hiyo hiyo: unaisukuma, inazama taratibu bila kizuizi, mita moja, mita mbili, inafika udongo mgumu. Unasogea hatua, unachoma tena. Ghafla inagota mapema, kwenye jiwe. Unachomeka mti wa mwanzi pale. Unaendelea, unachomeka, unachomeka, mwisho ukisimama nyuma unaona mstari wa mianzi umeenda mlimani, huo ni ukuta wa shamba, bila kuchimba hata koleo moja. Kwa namna hiyo walipata kuta za mashamba sambamba kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10. Caulfield na wengi waliofanya kazi pale wanayaweka zaidi ya miaka 5,000 nyuma, wapo wataalamu wanaobisha na kusema ni ya baadae, ila hata hao hawabishi kwamba ni kazi kubwa ya watu waliokaa pamoja na kugawana ardhi kwa mpango. Ukienda na muongozaji muombe akuonyeshe fimbo, mara nyingi anakupa uisukume mwenyewe, na ule mshtuko wa chuma kugota jiwe ambalo hulioni, mkononi mwako, mi sijapata kitu kama hicho kwenye makumbusho yoyote.

Niseme ukweli lakini: ukifika Céide ukitegemea magofu ya kupiga nayo picha utanung'unika. Kuta zilizofunuliwa ni mawe yaliyolala chini, basi. Kituo cha wageni, lile jengo la piramidi lililofunguliwa 1993, ndo linakufunulia hadithi yote, ndani wameweka gogo la msonobari la zaidi ya miaka 4,000 lililotoka kwenye bogi. Mtoto wa miaka sita atachoka haraka. Gallarus mtoto anaingia na kutoka mara kumi na anafurahi.

Kituo hiki na kile cha kisiwa cha Blasket kule Dingle (nitakielezea hapo chini) vyote viko chini ya ofisi ya serikali ya kazi za umma, OPW, na wana kadi ya mwaka ya kuingilia sehemu zao zote za urithi. Kama unakaa Ireland na unapenda mambo haya nunua hiyo kadi, inajilipa haraka.

Visiwa viwili vilivyohamwa

Great Blasket kiko mbele ya Dún Chaoin, unakiona toka barabarani kama mnyama mkubwa aliyelala. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na watu zaidi ya 170, wavuvi na wafugaji, na ndani ya kijiji kile kidogo wakatoka waandishi watatu wakubwa wa Kiairishi, Tomás Ó Criomhthain, Peig Sayers na Muiris Ó Súilleabháin, watu wa kawaida kabisa walioandika au kusimulia maisha yao wenyewe. Vijana wakawa wanaondoka kwenda Marekani, wengi Springfield kule Massachusetts, kisiwa kikabaki na wazee. Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947 kijana mmoja akafa kwa homa ya uti wa mgongo huku bahari imechafuka, hakuna daktari aliyeweza kuvuka. 1947 wakatuma telegramu kwa waziri mkuu de Valera wakiomba chakula. Mwisho tarehe 17 Novemba 1953 ndo uhamisho ukaanza, wamebaki watu 22 tu, wakapewa nyumba ng'ambo, wengi pale pale Dún Chaoin ambapo kila asubuhi wanafungua mlango wanakiona kisiwa chao.

Kwenda kisiwani kuna boti msimu wa joto toka Dún Chaoin na toka Dingle mjini, zinategemea bahari, ikichafuka haziendi na usigombane na nahodha, anajua anachofanya. Kama haziendi, Kituo cha Blasket kiko bara na mi nasema kiko kati ya makumbusho bora ya Ireland nzima, korido moja ndefu inashuka mpaka kwenye dirisha kubwa linalotazama kisiwa, umesoma habari za watu njia nzima halafu mwishoni unakitazama walipoishi.

Mayo wana Inishkea, visiwa viwili mbele ya rasi ya Mullet. Usiku mmoja wa Oktoba 1927 vijana walikuwa wanavua kwa mitumbwi yao myepesi, ile ya fremu ya mbao na turubai la lami, dhoruba ikawakuta ghafla, wakafa kumi. Kwa kijiji kidogo, kuondokewa na vijana kumi usiku mmoja ni kukatwa mikono. Miaka michache baadae wote wakahamia bara. Nyumba zao za mawe bado zimesimama bila mapaa, mchanga umeingia ndani, na kisiwa cha kusini kina mabaki ya kituo cha Wanorwe cha kuchinjia nyangumi kilichoanza 1908. Boti unapata Blacksod, ni za kupanga na mwenye boti, hakuna ratiba nono kama Dingle. Ila ukishushwa pale uko wewe, kondoo, sili na ndege, na ndo maana nasema kwa mtu anayetaka kuihisi ile historia kifuani Inishkea inazidi Blasket, kule Blasket mwezi wa Julai mnakuwa wengi.

Na ukishafika Blacksod usiupite mnara wa taa. Juni 1944 pale ndo palitoka taarifa ya hali ya hewa iliyosaidia kumfanya Eisenhower, jenerali wa Marekani aliyeongoza majeshi ya washirika, aahirishe uvamizi wa Normandy kule Ufaransa toka tarehe 5 kwenda 6. Aliyesoma vipimo usiku ule alikuwa dada wa posta, Maureen Flavin, siku anatimiza miaka 21, wakapigiwa simu kuulizwa warudie kusoma, wakarudia, hawakuambiwa ni ya nini. Ireland haikuwa kwenye vita ila taarifa za hewa walikuwa wanawapa Waingereza. Mnara mdogo tu wa mawe, mwisho kabisa wa barabara.

Mandhari

Dingle ni milima na bahari vimebanana. Mlima Brandon una mita 952, wanaupanda kama hija ya Mtakatifu Brendan, na kuna njia ya mahujaji ya kilomita 18 inayoanzia ufukwe wa Ventry, ukipata siku kavu tembea hata nusu yake tu. Conor Pass, barabara ya juu milimani, inatisha na kupendeza kwa wakati mmoja, malori na mabasi hayaruhusiwi. Ufukwe wa Inch mchanga umenyooka kilomita tano hivi na watu wanaingiza magari mpaka mchangani, wewe angalia maji kujaa na kupwa kabla hujaegesha, mtu wa pwani hahitaji kuambiwa hili ila ndugu zangu wa bara nawakumbusha. Ukiwa na gari yako zunguka Slea Head kwa kufuata mshale wa saa, mabasi makubwa yanaenda upande huo, ukienda kinyume mtakutana uso kwa uso kwenye kona ya genge.

Mayo ni upana. Hakuna milima ya kukubana pale pwani, ni bogi la rangi ya kahawia linaenda mpaka linakatika ghafla baharini. Mbele ya Céide, ng'ambo tu ya barabara, genge linashuka mita zaidi ya 100. Downpatrick Head ndo pa kupiga picha: nguzo ya mwamba inaitwa Dún Briste, kama mita 50 kwenda juu, imesimama peke yake majini na matabaka yake ya rangi yanaonekana moja moja kama chapati zilizopangwa. Wenyeji wanasema ilikatika toka bara mwaka 1393, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walipotua juu yake kwa helikopta walikuta mabaki ya majengo, yani kweli kuna watu waliishi pale kabla haijaachana na bara. Karibu yake kuna shimo kubwa ardhini ambalo bahari inaingia chini kwa chini na kuunguruma, wenyeji wanasimulia kwamba 1798, baada ya Wafaransa wa Jenerali Humbert kutua jirani pale Kilcummin kusaidia maasi ya Waairishi dhidi ya Waingereza, kuna wanaume walijificha humo wakazama. Shikeni watoto mkono, kingo nyingi hazina uzio na upepo wa pale unasukuma kweli.

Usiku Mayo inashinda bila ubishi. Hifadhi ya taifa ya Wild Nephin, kusini kidogo ya Erris (ile sehemu ya Belmullet na Blacksod), imetambuliwa toka 2016 kama eneo la anga la giza, kukiwa hakuna wingu unaona nyota kama unavyoziona kijijini kwetu umeme ukikatika, Njia ya Maziwa yote. Epuka Juni kwa hilo, jua linazama saa nne usiku na weusi wenyewe unachelewa sana.

Watu, chakula, swala

Dingle jioni kuna uhai: muziki wa kienyeji baa karibu zote, fidla na filimbi watu wameketi mezani tu hakuna jukwaa, kuna baa upande mmoja wanauza bia upande wa pili misumari na nyundo, kama hunywi agiza soda au chai hakuna atakayekuangalia vibaya. Samaki ni wa siku hiyo hiyo. Ila Julai na Agosti gesti zinajaa na bei inapanda mpaka unashangaa, lala Tralee au Annascaul kama bajeti ni ndogo.

Mayo utapata baa moja, duka moja, kituo cha mafuta, na mtu atakayekuuliza umetoka wapi kwa sababu kweli anataka kujua. Ukisema Kenya au Tanzania usishangae akikutajia shangazi yake mtawa au padri aliyefundisha kule miaka mingi, wamisionari wa Kiairishi walikuwa wengi kwetu na vijiji hivi vilitoa watu. Hapo mazungumzo hayaishi leo.

Kwa Waislamu: vijijini kote kuwili nyama ya halali usiitegemee, nunua mjini ubebe, au kula samaki, ila supu ya samaki uliza kwanza, kuna wanaoweka vipande vya nguruwe au mvinyo. Upande wa Mayo mna faida moja, Ballyhaunis, mji mdogo ndani ya kaunti hiyo hiyo, una msikiti uliojengwa 1987 na jamii kubwa ya Waislamu, unaweza kuupitia njiani ukitoka Dublin kwa gari na ukanunua nyama pale pale. Kwa kiangazi Maghrib na Isha zinachelewa sana, pangeni safari mkijua hilo.

Mvua ni kote, hiyo haichagui. Jaketi lisiloingiza maji na buti, mwavuli uache nyumbani upepo utauvunja. Angalia tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, rangi ya chungwa au nyekundu ikitoka huendi kwenye genge lolote, unakaa ndani. Na ardhi nyingi ni ya wakulima, tembea njia zilizowekewa alama, geti ulilokuta limefungwa lifunge, mbwa usiende naye kwenye kondoo.

Sasa chagua

Una watoto wadogo, au wazazi wazee wanaotaka kuona kila kitu bila kutembea sana: Dingle. Huna gari: Dingle. Unataka muziki, watu, chakula kizuri: Dingle, na uende Mei au Septemba. Uko Cork, Kerry au Limerick tayari, hata usifikirie.

Unatoka Dublin na gari, mko wawili watatu watu wazima, mmechoka na kelele: Mayo. Fanya Ballina siku ya kwanza, asubuhi Céide na Downpatrick Head, lala Belmullet, siku ya pili Blacksod na kama bahari imetulia Inishkea, kama haijatulia tembea kule Ceathrú Thaidhg kwenye magenge ya Benwee, mita 255, au shuka Achill ukaone kijiji cha nyumba tupu za mawe chini ya mlima Slievemore na ufukwe wa Keem. Ukipenda baiskeli kuna njia ya zaidi ya kilomita 40 juu ya reli ya zamani toka Westport mpaka Achill, haina magari, hata asiye na mazoezi anaiweza kwa siku moja.

Umeshaona zote mbili? Basi rasi ya Beara, Cork na Kerry wanagawana, kuna migodi ya shaba ya Allihies iliyoanza 1812 na kisiwa cha Dursey unachovuka kwa kikapu cha kamba ya waya juu ya bahari, kipo toka 1969 na ndo pekee Ireland. Pale nako ni gari lazima.

Kwa yoyote utakayochagua, boti piga simu jana yake na upige tena asubuhi, na Céide na Blasket angalia kwanza tarehe za kufungua maana vituo hivi vya pwani vingi vinafunga msimu wa baridi, mtu asije akaendesha saa nne Desemba akakuta kufuli.